Msimu Mwalimu Alipokataa Majembe

Kufeli kwenyewe Immakulata alikwisha kukuzoea. Kilichokuwa kinamkaba wiki ile ni Jumatatu. Chuo kilikuwa kimempa mpaka Jumatatu, saa tisa alasiri, aseme moja: ajiondoe mwenyewe katika shahada yake ya ualimu, au akae mtihani wa Takwimu kwa mara ya tatu na ya mwisho. Akijiondoa, masomo aliyokwisha kuyafaulu yanabaki kuwa yake, na siku moja anaweza kurudi akasoma kitu kingine kisichotaka hesabu. Akikaa akafeli, anafutwa, na yote aliyoyafaulu yanafutwa pamoja naye. Hapo katikati hapakuwa na kichochoro cha kupenya.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huko Kitahana, wilaya ya Kibondo. Kiswahili alikifundisha mpaka watoto wakawa wanaigiza sauti yake majumbani kwao. Ualimu wake ulikuwa wa cheti tu, na kwa miaka mingi hilo halikumsumbua, mpaka shuleni walipoanza kuletwa vijana wenye digrii, wakakaa naye ofisini na kumwita "mama" kwa ile heshima inayomsogeza mtu pembeni. Ndipo akajiandikisha chuo kikuu kwa njia ya masafa, anasomea nyumbani, mitihani anafanyia Kasulu. Msimcheke. Mtu aliyeongoza darasa lake kidato cha nne, akaambiwa aende ualimu kwa kuwa ndiyo njia fupi ya kupata kazi, huwa hakai akasahau.

Masomo mengine yalikwenda. Takwimu ilimgomea. Namba zenyewe si kwamba zilikuwa ngumu kupita kiasi, ila zilikuwa zimevishwa Kiingereza, na mpaka amalize kukivua kile Kiingereza aione namba, muda umekwisha na msimamizi anakusanya karatasi. Mara ya kwanza alifeli. Mara ya pili akafeli vibaya zaidi, maana sasa alikuwa na woga juu yake.

Kama mambo haya yangekuwa ya yeye na chuo, yangekwisha zamani. Lakini digrii ile haikuwa yake peke yake. Nusu ilikuwa ya wanawake wa kilima chao.

Upande ule wanawake hulimiana kwa zamu, na kazi hiyo wanaiita kibiri. Jirani wanajikusanya, Jumamosi hii wote wanaingia shamba la huyu, Jumamosi ijayo la yule, na mwenye shamba anapika. Hakuna anayelipwa. Unacholipa ni mgongo wako, siku zamu ya mwenzako inapofika. Kundi la Immakulata liliongozwa na Nizigiyimana, mama mwenye sauti ya kusikika kilima cha pili na mdomo usiojua kupumzika. Siku aliposikia mwalimu ameanza chuo kikuu, alitangaza palepale shambani kwamba zamu za mwalimu kwenda kwa wenzake zimefutwa.

"Wewe soma," alisema. "Kwenye kilima hiki hajatoka mwanamke wa digrii. Jembe tuachie sisi."

Wenzake wakaitikia, "Ego! Ego!" na Immakulata akalia kwa furaha kama bibi harusi.

Miaka mitatu walimlimia naye asiwalimie. Na hapa ndipo alipokosea, kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya, kwa sababu mtu wa kwingine angesema tu asante, basi, inatosha. Kule mtu akikujia na jembe begani humrudishi. Kumrudisha mtu wa kibiri ni kama kumwambia hutaki hata aje kukuzika. Basi alipofeli mara ya kwanza aliazimia kusema. Jumamosi ikafika, wakaja wakiimba, wakainama, naye akashindwa kuwaambia watu habari kama ile huku migongo yao imeinama kwa ajili yake. Akajipa moyo kwamba akifaulu mara ya pili hakuna atakayejua. Mara ya pili ilipokuja kama ilivyokuja, wakamwuliza, "Mwalimu, bado?" akajibu, "Bado kidogo tu." Wakaongeza bidii.

Sasa Jumatatu ilikuwa inakuja, na Jumamosi, siku mbili kabla yake, ilikuwa zamu ya shamba lake.

Ijumaa aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akapanda gari la alfajiri kwenda Kasulu kumwona Badru. Huyu alikuwa kijana mwenye shahada ya takwimu hiyohiyo, asiye na ajira, anayemsaidia baba yake duka la vitenge karibu na soko. Nyuma ya duka, katikati ya marobota, alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa vyuo. Immakulata alikuwa amekaa kwenye marobota yale tangu miezi ya kiangazi.

"Shikamoo, mama. Mwakeye," alisema Badru, ambaye Kiha chake kiliishia hapo.

"Marahaba, mwanangu. Leo usinifundishe. Nipe mtihani mzima, halafu unisahihishe kama vile hunijui."

Badru akachomoa mtihani wa mwaka wa nyuma, akampa, akarudi mbele kwa wateja.

Swali la kwanza alilijua, akamshukuru Mungu. La pili alilijua nusu. La tatu alilisoma mara nne, na kila mara lilikuwa linamwuliza kitu kingine. Huko mbele mama mmoja alikuwa anabishana na Badru kama kitenge kitachuja au hakichuji, na Immakulata akajikuta anasikiliza ubishi ule kwa makini kuliko alivyowahi kuyasikiliza maswali ya Takwimu. Akajizaba kofi pajani. Akaendelea. Akaandika, akafuta, akaandika tena, jasho linamdondokea juu ya karatasi.

Badru alisahihisha kwa kalamu ya penseli, kwa adabu, kana kwamba wino mwekundu ungemwumiza zaidi.

"Ishirini na tatu, mama."

"Kwa mia?"

"Kwa mia."

"Zimebaki wiki mbili. Nikijikaza?"

Kijana alikunja ile karatasi mara mbili, akaikunjua. "Ningetaka kukufurahisha ningekwambia utafaulu. Hutafaulu, mama. Ungekuwa na mwaka, labda. Wiki mbili, hapana. Nisamehe."

Immakulata alitaka kumchukia akashindwa. Alimuaga vizuri, akamwombea kazi, akatoka. Garini alikaa dirishani na kuangalia mashamba ya mihogo yakipita, na walipofika Makere alikuwa amekata shauri: anajiondoa. Alishangaa kuona kwamba kukata shauri hakukumpunguzia kitu. Kesho yake wangekuja vilevile na majembe.

Mumewe Evaristi alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache na masikio makubwa. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anajua. Jioni ile alimsikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akamega tonge.

"Jiondoe," alisema. "Halafu nyamaza. Waambie umemaliza. Nani Kitahana atakuja kudai cheti akisome?"

"Na mahafali?"

"Joho linaazimwa. Vaa, piga picha, tuitundike hapo ukutani. Wao wafurahi, na wewe upumzike."

Tuseme ukweli, kwa muda wa tonge mbili tatu Immakulata alilipenda wazo lile kwa moyo wake wote. Aliiona picha. Aliwaona kina Nizigiyimana wakipiga vigelegele mbele yake. Kisha akaona miaka yote iliyobaki, kila Jumamosi, wanawake wale wakimwita msomi wao, naye akiitika. Aliacha kula.

"Mama Deborah, kula," alisema Evaristi.

"Nimeshiba."

Hakuwa ameshiba, na wote wawili walijua.

Jumamosi aliinjika maharage mapema, akamwachia binti yake Deborah asonge ugali, mwenyewe akachukua jembe la Evaristi na kwenda shambani. Wanawake walikuwa wamekwisha kuingia. Mvua za kwanza zilikuwa zimeilainisha ardhi, wakawa wanapiga matuta kwa mstari mmoja, wanaimba, na Esperance yuko mbele kama kawaida yake. Esperance alikuwa mwanamke mwembamba aliyeolewa pale akitokea ng'ambo ya mpaka, Burundi. Hakuwa msemaji, lakini kwa jembe hakuna aliyemfikia.

"Yemwe!" alipaaza sauti Nizigiyimana. "Tazameni mwalimu! Mwalimu, hiyo siyo kalamu, utajikata!"

Wakacheka wote. Nizigiyimana akamjia na kushika mpini ampokonye. Immakulata hakuuachia.

"Niachie, dada."

"Nenda kasome, bwana. Mtihani si umekaribia?"

"Niachie. Nina neno." Na kabla ujasiri haujamtoka akasema, "Nimefeli. Nimefeli mara mbili. Hata hii ya tatu siiwezi. Nimeamua kujiondoa chuoni."

Wimbo ulikatika vipandevipande, mmoja mmoja akinyamaza kadiri habari ilivyomfikia. Majembe yakasimama. Nizigiyimana akauachia mpini.

Ni Esperance aliyeacha tuta lake na kuja, taratibu, mpaka mbele ya Immakulata.

"Ulifeli lini ya kwanza?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi." Alilirudia neno lile kama mtu anayeonja chakula kilichoungua. "Na mwaka jana, zamu yangu iliposogezwa nyuma ili mwalimu alimiwe kwanza, mwalimu ana mtihani, ulikuwa unajua?"

Immakulata alikuwa amelisahau jambo lile. Sasa lilimrudia lote. Mwaka jana mvua zilikatika mapema. Waliopanda mwanzo walivuna. Esperance alipanda mwisho, na maharage yake yalikauka yakiwa bado na maua.

"Nilikuwa najua," alijibu.

"Watoto wangu walikula mihogo mitupu mpaka Pasaka," alisema Esperance. Hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu angepiga. "Sikunung'unika. Nilikuwa nawaambia, vumilieni, tunamsomesha mtu. Ungeniambia tu. Ningelima kwangu kwanza, halafu ningekuja kwako, ningekuja vilevile!"

Immakulata alihisi haya mpaka magotini.

Nizigiyimana akaona mambo yanaharibika, akaingia kati kwa mikono miwili. "Basi, basi. Esperance, basi. Jamani, mtu hajafa. Mwalimu, sikiliza. Hiyo ya tatu hujaifanya. Kaifanye! Tumekusindikiza mpaka mlangoni, ndiyo ugeuke? Hizi wiki mbili usiguse kitu. Deborah atakula kwetu. Na msimu huu tunakulimia wote, kuanzia leo hadi palizi. Si ndiyo, jamani?"

"Ego," aliitikia mmoja. "Ego," wakafuata wengine, na wakaanza kurudi kwenye matuta. Hata wimbo mtu akauanza upya, kwa sauti ya chini. Walikuwa wanamsamehe. Ndivyo walivyokuwa, na ndicho kilichomtisha Immakulata kuliko hasira ya Esperance. Aliona namna jambo lote linavyoweza kufunikwa tena: atarudi ndani, atafungua vitabu, watalima, wiki mbili zitapita, atafutwa chuo, na mtu mwingine atapanda mwisho.

"Tokeni," alisema.

Hawakumsikia, au walidhani hawakusikia vizuri.

"Tokeni shambani kwangu!" Sauti ilimtoka kubwa, ile ya kutuliza darasa zima. "Sitaki kulimiwa. Chukueni majembe yenu, nendeni."

Nizigiyimana alinyooka taratibu, mkono kiunoni. "Mwalimu. Unatufukuza?"

"Nawafukuza."

"Unarudisha majembe?"

"Nayarudisha."

Kilimani pale hakuna aliyewahi kulisikia neno lile likisemwa na mtu mwenye akili timamu. Mmoja alishika mdomo. Nizigiyimana, macho yamejaa maji, akatupa jembe begani na kuondoka bila kwaheri, na wengine nyuma yake, mstari mmoja, kimya. Esperance alitangulia. Shamba lilibaki nusu limelimwa, nusu majani.

Nyumbani sufuria za chakula zilikuwa tayari, za watu wengi, na hapakuwa na wa kula. Deborah aliuliza, "Mama, wako wapi?" akajibiwa afunike chakula. Evaristi alirudi kutoka karakana, akazitazama zile sufuria, akaelewa. Alimwambia mkewe kwamba angeweza kuyafanya kwa upole. Immakulata alikiri kwamba upole alikuwa nao miaka mitatu.

Jumatatu, mchana, alipotoka shuleni, alikaa na simu mkononi. Mfumo wa chuo ulimwuliza kama ana hakika. Ulimwuliza tena, kwa maneno mengine, kama anaelewa kwamba uamuzi haurudishwi nyuma. Na hapo, baada ya kuwaza hesabu za watu wote, ndipo alipojifikiria mwenyewe. Aliitaka ile digrii. Hakuitaka kwa ajili ya kilima wala kwa ajili ya vijana wa ofisini. Aliitaka kwa sababu alipenda kusoma, na alikuwa mzuri, isipokuwa kwa kitu kimoja, na kitu hicho kimoja kilikuwa kimesimama mlangoni. Alilia kwa sauti, makamasi yakimtoka, Evaristi amemshika bega. Kisha akabonyeza. Ilikuwa bado saa nane na nusu, na alasiri yote ilikuwa mbele yake bila kazi.

Wiki ile hakuna aliyemtembelea. Kisimani walimsalimu, lakini kwa ufupi, na kwa Waha salamu fupi ni kama kutosalimiwa. Alijua kwamba Jumamosi ilikuwa zamu ya Esperance. Safari hii hawakumweka mwisho.

Hakualikwa. Alikwenda. Aliwakuta wamepanga mstari, akapita nyuma yao, na hakuna aliyegeuka, akachukua upande wa mwisho kabisa, kwenye mizizi na mawe, mahali ambapo kila mtu hupakimbia. Akainama, akaanza.

Miaka mitatu si mchezo. Kabla jua halijapanda, viganja vilikuwa vimeota malengelenge, na kabla halijafika utosini yalikuwa yamepasuka. Mgongo uliwaka. Mstari wa wenzake ulikuwa mbele kwa mbali, wanaimba, wanataniana, na Nizigiyimana alikuwa anasimulia kisa cha shemeji yake aliyemwogopa kuku, kisa ambacho Immakulata alikijua na kukipenda, lakini hakuthubutu kucheka kwa sauti. Wazo lilimjia kwamba labda watamaliza, wale, waondoke, na hivyo ndivyo itakavyokuwa kila Jumamosi mpaka azeeke. Akaendelea kulima, maana hakuwa na kingine cha kuwapa.

Chakula kilipoletwa waliketi kwenye majani, wakanawa. Immakulata alibaki palepale kwenye tuta lake. Kwenye kibiri, anayekula ni aliyehesabiwa, na mwenye kuhesabu ni mwenye shamba. Akajifanya anang'oa mzizi.

Alisikia hatua. Esperance alikuwa amesimama mbele yake, sahani ya ugali wa muhogo mkononi, maharage juu. Hakumtazama usoni. Alilitazama tuta, mwanzo mpaka mwisho.

"Hili nini?" aliuliza.

"Tuta."

"Hili si tuta. Limelala. Mvua moja tu italifukua, mbegu zangu zote bondeni." Alilisukuma kwa kidole cha mguu, na upande mzima ukaporomoka. "Umelima kama mtoto. Ukishakula, vunja lote, ulipige upya. Na uliinue! Nikirudi nikalikuta hivi, utanitambua."

Kule kwenye majani Nizigiyimana akaangua kicheko kikubwa kilichovuka bonde, na wengine wakamfuata. Immakulata alicheka pia, akajikuta analia hapohapo, kwa sababu kwa miaka mitatu kilimani pale hapakuwa na mtu aliyewahi kumgombeza. Walimpa heshima tu, wakampisha njiani, wakamsifia hata alipokosea. Alikuwa amesahau jinsi mtu anavyojisikia akiwa mmoja wao.

"Kula kwanza," alisema Esperance, akamwekea sahani mikononi, akaona viganja. Alivitazama kidogo, lakini hakusema pole. "Maharage si mengi. Mwaka jana sikuvuna."

"Najua," alisema Immakulata.

Alikula yote, akaisafisha sahani kwa kidole. Kisha akasimama, akatema mate viganjani ijapokuwa yalichoma, na akaanza kulivunja tuta.